Windows halali inayodai si halali: usubiri, urekebishe mwenyewe, upige upya au uende kwa fundi?

Tarehe 8 Novemba 2018, watu wa nchi kadhaa waliokuwa na Windows 10 Pro ya halali waliwasha kompyuta zao wakakuta wanaambiwa leseni yao ni ya Home, toleo la chini la nyumbani, kwa hiyo Pro waliyo nayo haijaamilishwa, yaani haijathibitishwa kuwa halali. Hawakuwa wamegusa kitu. Hitilafu ilikuwa kwenye seva za Microsoft zinazothibitisha leseni, na kampuni ilipolikiri tatizo ilisema marekebisho yangefika yenyewe ndani ya saa 24. Aliyetulia siku ile alipona bila kufanya lolote. Aliyekimbilia kupiga Windows upya alipoteza jioni nzima, pengine na mafaili yake, kwa ugonjwa ambao haukuwa wa kompyuta yake.

Haikuwa mara ya kwanza. Agosti 2007 seva za ukaguzi wa uhalali wa Windows ziliharibika kwa muda wa saa kama 19, baada ya wafanyakazi kupandisha programu ambayo haikuwa tayari kutumika. Kompyuta zilizoathirika duniani, kwa hesabu ya Microsoft, hazikufika 12,000, lakini wenyewe walikuwa na XP na Vista (Windows za wakati ule) halali na waliitwa wezi. Wa Vista walizimiwa hata madirisha ya kioo ya Aero.

Kwa hiyo tahadhari ya leseni inaweza kusema uongo. Tatizo ni kwamba inaweza pia kusema kweli usiyoijua. Huku kwetu, ambako laptopu nyingi za nyumbani ni za mtumba zilizotoka maofisini Ulaya au zilizopitia Dubai, na ambako Windows hupigwa na fundi kabla mteja hajaiona mashine, hilo la pili ni la kawaida kuliko la kwanza. Njia za kujitoa ziko kadhaa, na kila moja ina mahali pake. Kosa kubwa ni kuanza na ile nzito.

Kabla ya yote: anayesema ni nani?

Tahadhari ikitokea ndani ya kivinjari, ikajaza skrini nzima, ikapiga king'ora na kutoa namba ya simu ya kupiga, hiyo haihusiani na leseni yako hata kidogo. Ni matapeli. Microsoft yenyewe inasema ujumbe wake wa makosa na tahadhari hauna namba ya simu. Hapo hakuna cha kulinganisha: bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ua kivinjari, kisha kifungue upya bila kurudisha kurasa za zamani. Ikiwa vijiujumbe vinaendelea kuchomoza pembeni kulia hata kurasa zikiwa zimefungwa, kuna tovuti uliyoipa ruhusa ya kukutumia taarifa. Iondoe kwenye mipangilio ya kivinjari. Usikubali mtu "wa Microsoft" akuelekeze kusakinisha AnyDesk ili aingie kwenye kompyuta yako.

Tahadhari ya kweli ya Windows ina tabia ya upole. Ni maandishi hafifu "Activate Windows" kwenye kona ya chini kulia, na katika Settings, ukurasa wa Activation, kuna maelezo na namba ya kosa. Katika Windows 10 na 11 kompyuta haijizimi wala haifungi mafaili yako kwa sababu ya hilo. Utanyimwa kubadilisha picha ya nyuma na rangi, na yale maandishi yatakukera. Basi. Hakuna dharura, na hilo lenyewe ni sababu ya kutokubali kuharakishwa na mtu yeyote.

Amri mbili zinazoamua njia

Fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri; litafute kwa jina hilo kwenye Start), andika `slmgr /xpr`, subiri kisanduku. Kikisema "permanently activated", leseni yako ni nzima, na kinachokusumbua ni programu nyingine (mara nyingi Office, nitaifikia). Kikitoa tarehe ya kuisha, hiyo si leseni ya nyumbani. Ni leseni ya kampuni, au imefanywa ionekane hivyo.

Kisha `slmgr /dli`. Tafuta neno moja kati ya haya. RETAIL ni leseni iliyonunuliwa peke yake au iliyotokana na kupandisha toleo. OEM_DM ni ile iliyokuja na mashine, ufunguo wake ukiwa umehifadhiwa ndani ya chipu ya BIOS (programu ya kuwashia mashine) tangu kiwandani. Utaratibu huo ulianza na kizazi cha Windows 8. VOLUME_KMSCLIENT ni ya ofisi: kompyuta huthibitishwa na seva ya ofisi kwa siku 180, na hujaribu kujihuisha kila siku 7 ikiwa inaifikia seva hiyo.

Nyumbani kwako hakuna seva ya ofisi. Ukiona VOLUME_KMSCLIENT kwenye laptopu ya familia, ama mashine ilikuwa ya kampuni na haikusafishwa vizuri, ama kuna mtu aliweka kile wengine wanachokiita "activator", programu inayojifanya seva ya ofisi ndani ya kompyuta yako. Kosa linaloandamana nalo ni 0xC004F074. Tahadhari hiyo si ya uongo, hata kama ulilipa pesa halali dukani. Ukitaka uhakika zaidi, tazama historia ya Windows Security: mara nyingi Defender, kinga ya virusi ya Windows yenyewe, huwa imeshaiandika kwa jina la HackTool:Win32/AutoKMS.

Jambo moja linalowatisha watu bure: `/dli` huonyesha herufi tano za mwisho za ufunguo, nawe ukizitafuta mtandaoni, 3V66T kwa Pro au 8HVX7 kwa Home, unakuta zimetapakaa kila mahali. Hizo ni funguo za jumla ambazo Windows huziweka yenyewe pale leseni inapokuwa ya kidijitali. Si ushahidi wa kraki, yaani programu iliyovunjwa kinga ya leseni.

Kusubiri dhidi ya kurekebisha mwenyewe

Kusubiri kunafaa kama hukubadilisha kitu, jana ilikuwa sawa, na leo wengine pia wanalia. Kunafaa pia kama kosa linaelekea kwenye mtandao, yaani namba zinazoanza na 0x80072E, ambazo maana yake ni kwamba kompyuta haikuifikia seva. Hapo zima VPN, jaribu mtandao mwingine, hata ule wa simu, kisha iache siku moja. Gharama yake ni subira tu.

Kusubiri hakufai kama kuna sababu inayokaa ndani ya mashine, na ya kwanza kuiangalia ni saa. Kompyuta za mezani za zamani zina betri ndogo ya duara, CR2032, inayotunza saa umeme ukikatika. Ikifa, kila TANESCO au KPLC ikirudisha umeme mashine inaamka ikidhani ni miaka mingi nyuma. Vyeti vya usalama vya seva vinaonekana havijaanza kufanya kazi, mawasiliano yanakataliwa, na leseni inashindwa kuthibitishwa. Dalili yake ni rahisi: tovuti nazo zinalalamika kuhusu usalama wa muunganisho. Badilisha betri, rekebisha tarehe na ukanda wa saa, kisha endesha `slmgr /ato`, amri ya kujaribu kuamilisha tena, ukiwa umefungua Command Prompt kama msimamizi. Betri hiyo ni ya bei ndogo kuliko nauli ya kumpelekea fundi mashine. Nashangaa ni watu wangapi wameshauriwa kununua leseni mpya kwa sababu yake.

Kitufe cha Troubleshoot, kilichokuja na Windows 10 toleo la 1607 mwaka 2016, kiko palepale kwenye ukurasa wa Activation, nacho huonekana tu kama Windows haijaamilishwa. Wengi hukidharau, pengine kwa kuwa vitatuzi vingine vya Windows vimewachosha. Hiki kina kazi halisi mbili. Cha kwanza, kinagundua kama una leseni ya Home lakini umewekewa Pro, au kinyume chake. Cha pili, kama ulibadilisha kifaa ndani ya mashine ukapata 0xC004F211, kinakupa chaguo la kusema kwamba umebadilisha vifaa hivi karibuni, unaingia kwa akaunti ya Microsoft, unachagua kompyuta yako kwenye orodha, mambo yanaisha. Sharti ni kwamba leseni iwe ilishaunganishwa na akaunti hiyo kabla ya mabadiliko. Kama Windows yako leo ni nzima, fungua ukurasa huo uone kama inasema leseni imeunganishwa na akaunti yako. Kama haisemi, iunganishe leo.

Mpaka wa njia hii uko kwenye mazabodi (motherboard, ubao mkuu wa mashine). Kubadilisha RAM au kuweka SSD kwa kawaida hakuleti shida. Mazabodi ikibadilishwa, leseni ya OEM haihami nayo kisheria, hata ubonyeze Troubleshoot mpaka kesho. Ya RETAIL inahama. Tofauti hiyo ndiyo sababu ya leseni za RETAIL kuuzwa ghali.

Ufunguo uliolala ndani ya mashine

Hapa ndipo penye utamu kwa mwenye laptopu ya mtumba. Mashine za maofisini nyingi zilitoka kiwandani na Pro, ufunguo ukiwa kwenye BIOS, halafu kampuni ikaweka Windows yake inayothibitishwa na seva ya ofisi. Ilipouzwa, aliyeipokea akapiga Windows kwa flashi yake na kuweka activator. Leo unaambiwa leseni inakaribia kuisha, na ufunguo halali uko umelala sentimita chache chini ya kibodi. Uulize kwa PowerShell, dirisha jingine la amri ndani ya Windows:

`(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey`

Ukitoka ufunguo wa herufi 25, uingize kupitia "Change product key". Kama toleo lililopo linalingana na ufunguo, kazi imekwisha bila kupoteza faili hata moja. Ondoa pia ile activator, la sivyo itarudi kuvuruga. Kukiwa kimya, mashine haikuzaliwa na ufunguo, au mazabodi si yake ya asili.

Tahadhari moja: kama ufunguo ni wa zama za Windows 8, huenda usikubaliwe na Windows 10 au 11. Microsoft ilitangaza Septemba 2023 kwamba njia ya kuamilisha matoleo hayo kwa funguo za Windows 7 na 8 imefungwa. Mashine iliyokuwa tayari imepata leseni ya kidijitali kabla ya hapo haiathiriki.

Kurekebisha au kupiga upya?

Kupiga upya ndiyo dawa inayotolewa haraka kuliko zote, na kwa tatizo la leseni mara nyingi haihitajiki. Ukipiga Windows ileile kwenye mashine ambayo saa yake imekufa, utarudi palepale. Ukipiga Pro juu ya mashine ya Home, utakuwa umeitengeneza tahadhari kwa mkono wako.

Ina hali mbili inazostahili. Moja ni pale toleo lililopo halilingani na leseni, kwa mfano uliuziwa laptopu mpya ya Home ikawekewa Pro "kwa sababu ni nzuri zaidi". Hakuna njia rasmi ya kushuka kutoka Pro kwenda Home huku programu zikibaki. Lazima upige safi. Nyingine ni pale ambapo activator imekaa muda mrefu na huna uhakika ilikuja na nini kingine. Mimi nisingefanya shughuli za benki kwenye mashine ya namna hiyo kabla ya kuisafisha.

Pakua kisakinishi kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe, uwe na flashi ya gigabaiti 8 au zaidi na bando la kutosha, maana faili linazidi gigabaiti 4. Kisakinishi rasmi kikikuta ufunguo kwenye BIOS huchagua toleo sahihi bila hata kukuuliza. Usishtuke ukiona hakuna orodha ya kuchagua Home au Pro. Na kama ni Windows 11, angalia kwanza kama diski imefungwa kwa usimbaji wa BitLocker au "Device encryption". Hifadhi ufunguo wa kuirejesha mahali nje ya mashine kabla mtu hajagusa BIOS au mazabodi. Bila huo, kilichoanza kama maandishi ya kukera kwenye kona kinaweza kuishia na picha za harusi zisizofunguka tena.

Kwa kifupi, zikiwa bega kwa bega:

| Njia | Inafaa lini | Unachotoa | Unachoweza kupoteza |
|---|---|---|---|
| Kusubiri siku moja | Hukubadilisha kitu. Makosa ya mtandao | Subira | Hakuna |
| Saa, betri, `slmgr /ato` | Tarehe inaruka, tovuti zinalalamika | Bei ya CR2032 | Hakuna |
| Troubleshoot | Umebadilisha kifaa. Leseni iko kwenye akaunti | Dakika chache | Hakuna |
| Ufunguo wa BIOS | Mashine ya mtumba yenye VOLUME_KMSCLIENT | Dakika chache | Hakuna, toleo likilingana |
| Kupiga upya | Toleo haliendani. Activator ya muda mrefu | Bando na nusu siku | Mafaili na programu |

Na fundi?

Nimemwacha nje ya jedwali kwa makusudi, kwa kuwa fundi si njia. Ni mtu atakayechagua moja kati ya hizo kwa niaba yako. Wapo wanaoanza na `slmgr /dli` kama ulivyoanza wewe, na hao wanastahili pesa yao, hasa kwa kazi ya betri ndani ya laptopu ambayo haifunguki kirahisi. Wapo pia ambao kwa kila tahadhari ya leseni wana flashi moja na dawa moja. Kuweka activator juu ya leseni halali iliyokwama ni kuvunja kitasa wakati ufunguo uko mfukoni: tahadhari inanyamaza leo, na baada ya miezi inarudi ikiwa ya kweli. Juu ya hayo, ili kraki iingie mara nyingi mtu huzima Defender, na wengine husahau kuiwasha.

Kwa hiyo ukienda kwake, usiseme "niondolee haya maandishi". Mwambie aina ya leseni uliyoiona na namba ya kosa, na mwombe asiweke chochote cha kuamilisha. Atakayechukizwa na ombi hilo umeshamjua.

Ikiwa Windows ni nzima na Office ndiyo inayolalamika

Hili lina sababu zake, na kupiga Windows upya kwa ajili yake ni kupoteza muda. Sababu ya kawaida kwenye laptopu mpya ni Office mbili: Microsoft 365 ya majaribio iliyokuja na mashine, na Office uliyoinunua. Ya majaribio inapoisha, bango la kuisha linatokea hata ndani ya faili unayoifungua kwa leseni yako nzima. Ondoa zote mbili kabisa, kisha sakinisha uliyoinunua kupitia akaunti uliyonunulia. Ile ya kulipia kwa mwezi au mwaka inahitaji kuigusa intaneti takribani mara moja kwa mwezi; aliyesafiri kijijini na laptopu akakuta hawezi kuhariri, airushie mtandao wa simu aingie kwenye akaunti yake, inafunguka.

Wenye Adobe wana la kwao. Kama zamani kompyuta ilikuwa na Photoshop ya kraki na sasa umelipia ya halali, inaweza kuendelea kudai huna leseni. Kraki nyingi huandika kwenye faili la hosts, ndani ya `C:\Windows\System32\drivers\etc`, mistari inayozuia seva za Adobe. Mistari hiyo haiondoki ukifuta programu. Lifungue kwa Notepad kama msimamizi, futa mistari yenye jina adobe, hifadhi, jaribu tena.

Kununua au kuhama

Ikithibitika kwamba leseni haikuwepo, bado una chaguo. Funguo za bei ya kutupa mtandaoni ningeziepuka: nyingi ni za ofisi au zimeshatumika mahali pengi, na jibu lake ni 0xC004C008, yaani ufunguo umezidisha idadi ya mashine, wakati mwingine miezi baada ya kuingia vizuri. Kama mashine haiwezi Windows 11, fikiri mara mbili kabla ya kuilipia Windows 10, ambayo msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, siku moja na Office 2016 na 2019. Kwa kompyuta ya kuandikia barua, kusomea na kutazama video, Linux Mint (mfumo wa bure wa kuwekwa badala ya Windows) yenye LibreOffice (mbadala wa bure wa Office) inatosha, na haina ukurasa wa kuamilisha. Ukiwa na programu ya uhasibu inayotaka Windows, hapo huna budi kulipa.

Na ukiamua kununua laptopu nyingine ya mtumba, iwe Kariakoo au Luthuli, omba dakika mbili dukani kabla ya kutoa pesa. Endesha `slmgr /dli` na ile amri ya PowerShell. Ikitoka OEM_DM pamoja na ufunguo wa BIOS, hiyo ina Windows yake. Ikitoka VOLUME_KMSCLIENT na BIOS tupu, muuzaji akiendelea kuiita "original", bei ya leseni ikatwe kwenye bei ya mashine.